Kusikia kwa Masikio Yako

Wako watu wawili ambao leo nataka kushindana nao kwa hoja. Wa kwanza ni mzee asemaye kuwa kijana anayetoka usiku kwenda kusikiliza waimbaji anapoteza umri wake. Wa pili ni kijana mwenzangu asemaye kuwa hapana haja ya kwenda, kwa kuwa nyimbo zote zimo katika simu yake. Wa kwanza namheshimu, na jawabu yake nitaitoa kwa adabu. Wa pili ndiye adui hasa wa muziki, ijapokuwa hujidhani kuwa ni rafiki yake mkubwa.

Msomaji asidhani kuwa nasema kwa kubahatisha. Ras Kitau iko katika kisiwa cha Manda, mkabala wa Shela, na baina yao upo mkondo wa bahari. Usiku mmoja wa kaskazi nilikwenda huko na wenzangu watatu, tumechanga nauli ya mashua, ili tukasikilize kundi la vijana watano niwapendao kuliko waimbaji wote. Kundi hili si mali ya kampuni yoyote. Hutunga nyimbo zake lenyewe, hubeba ala zake lenyewe, na hulala popote lipatapo mahali. Lina udi, fidla, dumbaki na tari, na mwimbaji mmoja mwembamba ambaye ukimwona njiani hutamdhania kitu. Nyimbo zao zote nilikuwa nimezihifadhi kabla sijawaona uso kwa uso. Nilidhani nazijua.

Wimbo wao wa kwanza katika simu yangu huchukua dakika nne. Usiku ule ulichukua karibu robo saa. Mpiga udi alianza peke yake, polepole, kama mtu anayepapasa mlango gizani. Katika ubeti wa pili waya wa udi ulikatika. Mwimbaji hakunyamaza, dumbaki ilipunguza sauti, fidla ikashika nafasi ya udi, na sisi tuliokaa juu ya mikeka tukakipokea kibwagizo na kukiimba mpaka waya mpya ulipofungwa. Kisha mama mmoja mtu mzima akainuka nyuma kabisa, akaja mbele kwa mwendo wa taratibu, akamtunza mwimbaji noti iliyokunjwa. Naye, kwa heshima yake, akaurudia ubeti ule aliokuwa ameumaliza. Safari hii aliuimba vingine. Hilo halimo katika simu ya mtu yeyote, kwa sababu siku walipoinasa sauti waya haukukatika na mama yule hakuwapo.

Mbele yangu alikaa kijana aliyeinua simu yake tangu mwanzo, akiwatazama waimbaji kwa kupitia kioo chenye upana wa kiganja, hali wao wenyewe wako hatua sita mbele yake. Aliondoka kabla ya mwisho. Kesho yake darasani picha zake zilikuwa zimekwisha kutembea mikononi mwa wote. Nilisikia uvumi wa upepo, kikohozi cha mtu, na nusu ya wimbo. Wenzangu wakasema, "Basi, tumewasikia." Nani aliyewasikia?

Sisemi kuwa kunasa sauti ni uovu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay kutia nyimbo zake katika sahani za santuri. Upande mmoja wa sahani za siku zile ulichukua kiasi cha dakika tatu tu, na wimbo uliozoea kutanda usiku ulilazimika kukatwa kwa kipimo hicho. Hata hivyo sahani zilifanya kazi njema: zilifikisha sauti yake mahali ambapo miguu yake isingefika. Lakini sahani ilikuwa barua iliyotumwa na mwimbaji, wala haikuwa mwimbaji mwenyewe. Mwenzangu wa simu ameipokea barua, akaona hana haja tena ya kumwona aliyeiandika.

Tena kuna habari ya tumbo, nayo haina ushairi. Kundi lisilo na tajiri nyuma yake huishi kwa kiingilio na kwa tunzo. Nyimbo zao zikisikilizwa bure, wao hupata senti chache, au hawapati kitu. Anayejiita mpenzi wao, akabaki kitandani na simu yake, ni kama mteja amsifuye mpishi kwa harufu ya chakula kisha akaenda zake bila kununua.

Sasa namgeukia mzee wangu. Nakiri kuwa asubuhi ile nilisinzia katika somo la hesabu, na mwalimu alinikemea kwa haki. Lakini mzee wangu, nani aliyetufundisha kuwa neno huishi linapotoka kinywani mbele ya watu, kama si nyinyi? Tenzi za Lamu na Pate ziliandikwa, kisha zikaghaniwa barazani. Aliyezisoma kimya peke yake alipata nusu yake. Na katika hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa alikuwa amefungwa minyororo, na mama yake akamletea tupa ndani ya mkate. Tupa peke yake isingemwokoa, maana ina mlio. Kilichomwokoa ni watu waliokusanyika nje kucheza gungu, wakaimba kwa nguvu hata askari wasisikie chuma kinavyokatwa. Lau watu wale wangalibaki majumbani kwa kuwa usiku ni wa kulala, tungalikuwa na hadithi nyingine.

Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamekupwa, tukatembea majini mpaka magotini kuifikia mashua. Mpiga dumbaki alipanda pamoja nasi, ameinua ngoma yake juu ya kichwa isilowe. Alitaka kujua ni ubeti gani uliotupendeza kidogo kuliko zote. Mwenzangu aliona haya kumjibu, mimi nikamtajia. Alifikiri kidogo, akasema kuwa hata yeye haupendi, na kuwa watauondoa. Ubeti ule hawauimbi tena. Katika simu za wenzangu ungalimo mpaka leo.