Neno la siri likae kashani

Juma hili naacha masomo ya watoto pembeni. Nataka kuzungumza juu ya ordinatere ya mezani ya kikundi kimoja cha akiba ninachokijua, maana ilikaribia kuvunja urafiki wa miaka mingi.

Ilikuwa siku ya posho, siku ya kugawana akiba ya mwaka. Daftari lilikuwa limeachwa tangu mwezi wa tatu. Nani aliweka ngapi, nani alikopa, yote yalikuwa ndani ya ordinatere. Mama karani alikuwa ameenda kwenye kilio cha baba yake, kijijini ambako simu inapata rezo ukipanda mlima. Neno la siri, lile tunaloita mot de passe, alilijua yeye peke yake. Saa nne wamama wakauliza. Saa sita wakaanza kunong'ona kwamba labda ameondoka makusudi. Mjane mmoja alikuwa amemwahidi mwenye nyumba kumlipa jioni ile. Wakaniita mimi, kwa sababu mwalimu anadhaniwa kujua kila kitu.

Saa nane simu ikapita. Mama karani, sauti imekauka kwa kulia, akatutajia tarakimu sita. Tukaandika, ikakataa. Tena, ikakataa. Hapo mama mmoja akasema neno ambalo sitalirudia hapa.

Kosa lilikuwa letu. Kwenye klaviye ya kifaransa, mstari wa juu hautoi 1 na 2 usiposhika Maj; unatoa & na é. Na ekrani inaonyesha vidoti tu, hujui umeandika nini. Mama karani alizoea vibonye vya upande wa kuume, lakini siku ile taa ya Verr Num ilikuwa imezimika, na ikizimika vibonye vile haviandiki tarakimu. Nikabonyeza Verr Num, tukaandika tena, ikafunguka. Hesabu zilikuwa sawa hadi franka ya mwisho. Niliona aibu, maana ningetazama taa ile tangu mwanzo. Kuna hata alama ya jicho pembeni ya mahali pa kuandika: ukiishikilia, inakuonyesha ulichoandika.

Sasa fikirini. Kasha lile la chuma lina kufuli tatu, na wamama watatu tofauti wanashika funguo. Kwa nini hesabu za kasha zibaki na ufunguo mmoja kichwani mwa mtu mmoja? Siwaambii mtangaze neno la siri mkutanoni. Liandikeni kwenye karatasi, mtie katika bahasha, wamama watatu waweke sahihi juu ya gundi, na bahasha ikae ndani ya kasha. Siku ikifunguliwa, neno linabadilishwa na bahasha mpya inafungwa.

Katika Windows 10 ya kifaransa, ambayo nimeiona kwenye mashine nyingi za kwetu, ingia “Paramètres”, kisha “Comptes”, kisha “Options de connexion”. Hapo ndipo neno linabadilishwa. Kama konti ni ya mashine yenyewe, isiyofungwa na barua pepe, inakubali pia maswali matatu ya kukuokoa ukisahau. Ila msijibu ukweli mtupu: mtaani kwetu nani hajui ulizaliwa mji gani? Na kila anayetumia mashine awe na konti yake. Watoto wanaokuja kuandika kazi za shule wasipite kwenye konti ya hesabu.

Neno jingine ni umeme. Ordinatere ya mezani haina betri ya kuishikilia kama ile ya kubeba. Ukiiacha katika “Veille”, kazi ambayo hujaihifadhi inakaa kwenye memori inayoishi kwa umeme. Umeme ukikatika, inaweza kupotea yote. Kwa hiyo mimi huingia “Système”, halafu “Alimentation et mise en veille”, naweka ekrani izimike baada ya dakika 5, na “Veille” naiwekea “Jamais”. Kazi ikiisha, nazima kabisa. Ctrl na S inahifadhi. Bonyeza kila unapomaliza mstari wa mtu mmoja.

Mashine nyingine huwaka zenyewe umeme unaporudi, na nyote mnajua unavyorudi: unakuja, unakwenda, unakuja. Kuwaka na kuzimika namna hiyo kunaweza kuharibu diski. Ukiwasha mashine, bonyeza F2 au Suppr harakaharaka (nyingine zinataka F10), utaingia ukurasa wa mwanzo kabisa, mara nyingi kwa kiingereza. Tafuta mstari wenye maneno AC Power, uchague Off, uhifadhi, utoke. Mengine msiyaguse. Mpango huo hauzuii mshtuko wa umeme wenyewe. Kwa hilo chomoeni waya ukutani. Na kama kila asubuhi mashine inasema ni mwaka wa zamani, betri yake ndogo ya duara imekufa. Kwa kawaida ni CR2032, bei yake ndogo.

Ikichelewa kuwaka, shikeni Ctrl, Maj na Échap pamoja, mfungue “Démarrage”, mzime programu zinazojianzisha bila kazi. Ile ya kuzuia virusi iacheni.

Mama karani alirudi baada ya siku nane. Yule aliyesema neno lile alimpelekea mchele na sabuni za kilio, wakakaa ndani peke yao saa nzima. Walipotoka, walikuja pamoja kuweka sahihi juu ya bahasha.