Barakoa zisiondoke na Uviko

Tangu hofu ya Uviko-19 ipungue, barakoa zimeadimika katika hospitali zetu nyingi. Mgonjwa anayekohoa hukaa benchi moja na mjamzito na mama aliyempakata mtoto mchanga, wote wakisubiri kuitwa, saa nzima na zaidi.

Kifua kikuu hakikuondoka pamoja na Uviko. Tanzania ilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021–2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, ambao mwaka 2023 uliua watu wapatao milioni 1.25 duniani. Vimelea vyake huweza kuelea kwa saa kadhaa ndani ya chumba kisichopitisha hewa, na hatari ni kubwa zaidi kwa wanaoishi na VVU.

Tunasema waziwazi: barakoa iwe lazima kwa kila anayeingia wodini na katika vyumba vya kusubiria. Anayekohoa apewe mlangoni, bure, tena kwa lugha ya staha, maana wapo wanaoficha kikohozi kwa kuogopa kunyanyapaliwa. Barakoa ya kawaida huzuia matone yanayotoka kwa mgonjwa. Haimtoshi muuguzi wa wodi ya kifua kikuu. Huyo anahitaji barakoa ya aina ya N95, ambayo ni ghali zaidi. Kumpeleka kazini bila hiyo ni kumwonea.

Madirisha nayo yafunguliwe. Na fedha za barakoa ziwekwe katika bajeti ya kila hospitali, zisingojee mlipuko mwingine wala hisani ya wafadhili.