Moto wa Makunduchi na Masikio ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Je, anayeitazama mila bila kuielewa tumwiteje?

Mimi ni mzaliwa wa Muhoroni, penye mashamba ya miwa. Moto tunaujua: shamba huchomwa ili majani yateketee kabla ya miwa kukatwa. Moto wa sherehe niliuona kwa mara ya kwanza Makunduchi, kusini mwa Unguja, nilipokwenda mwezi wa Julai kushuhudia Mwaka Kogwa. Nikiwa na shahada ya Kiswahili mkononi, nilidhani ninakwenda nyumbani kwa lugha yangu.

Sherehe hiyo hufungua mwaka wa jua, na asili yake huhusishwa na Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba ili kutoa vinyongo vya mwaka uliopita. Kibanda cha makuti huwashwa moto mtu akiwa ndani, naye huchopoka salama. Watu huoga baharini, na hapo ndipo lilipotoka neno kogwa. Huko Uhispania nako, usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, watu huwasha mioto ufukweni, huiruka, kisha huingia baharini. Binadamu kwingi huuaga mzigo wake kwa moto na maji.

Lililonitahayarisha ni nyimbo. Wanawake walipita wakiimba kwa vicheko, nami nikaambulia neno moja moja tu.

“Shikamoo, bi,” nilimwamkia mama mmoja. “Wimbo huu wasemaje?”

“Marahaba, mwanangu. Hicho Kikae,” akajibu, kisha akanifasiria.

Msomi wa Kiswahili nikahitaji mkalimani katika Uswahili wenyewe!

Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, usanifishaji ulijengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Kikae, ambacho pia huitwa Kimakunduchi, kikaachwa nje ya darasa ilhali ni cha kisiwa kicho hicho. Siupingi usanifishaji, bila huo, mtoto wa Muhoroni asingeandika makala haya. Ninachopinga ni mazoea yetu ya kudhani kuwa kilichosanifiwa ndicho Kiswahili chote, na kwamba tasnifu ya fasihi ni lazima ihusu riwaya au tamthilia iliyokwisha kuchapishwa.

Wapo watakaosema nauli ni ghali. Ni kweli. Hata hivyo, wanafunzi watatu wakichangiana, wakiwa na kinasa sauti kimoja, wanaweza kuanza. Waombe idhini ya waimbaji, waandike wimbo kwanza kwa lahaja yake, kisha tafsiri kwa Kiswahili sanifu, na nakala ibaki Makunduchi kwa wenyewe.

Wageni wengi waliokuwa kando yangu walipiga picha za kibanda kikiwaka. Makuti yaliteketea kwa muda mfupi, lakini wanawake waliendelea kuimba. Hapo ndipo kazi yetu ilipo, na wajuzi wa nyimbo hizo hawatatungoja milele.