Zebaki Haiungui

Katika vijiji vyetu vya Nyanda za Juu za Kusini liko neno moja ambalo wakubwa hupenda kulisema kila mtoto arudipo shuleni na kitabu cha kemia mkononi: "Elimu hiyo ni ya watu wa maabara, sisi ni watu wa jembe na karai." Nimelisikia Iringa, nimelisikia Rungwe, na juzi nimelisikia tena kwa mzee mmoja ambaye wanawe wawili wamo machimboni Chunya. Nilimheshimu kwa umri wake, nikanyamaza. Leo nataka kumjibu, maana wanawe ndio walio hatarini.

Kwanza, neno lenyewe si kweli. Mkulima wa Mufindi anunuaye mfuko wa urea wa kilo 50 amenunua naitrojeni kilo 23; zile 27 zilizosalia ni oksijeni, kaboni na hidrojeni zilizoungana nayo. Herufi N, P na K zilizopigwa chapa juu ya mifuko ya mbolea zimetoka katika jedwali lile lile la elementi ambalo mtoto wake hulikariri. Na kile kimondo cha Mbozi ambacho watu hufunga safari kwenda kukitazama, katika kila sehemu 100 zake karibu 90 ni chuma, na nyingi za zilizobaki ni nikeli. Chuma kile kilichotoka angani ni chuma cha jembe lako: atomi yake ina protoni 26, na ya jembe vivyo hivyo. Basi watu wa jembe na karai wamekuwa wakiishika kemia mikononi siku zote, ila hawakuambiwa jina lake.

Lakini nisikawie hapo. Neno langu ni zebaki.

Dhahabu ilionekana katika nchi ya Lupa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huko kutoka kila upande. Hata leo wachimbaji wadogo wa Chunya ni wengi, na vijana wetu wa Njombe na Iringa wamo miongoni mwao. Kazi yao yajulikana. Mwamba hupondwa, unga wake huoshwa kwa maji, na mchanga mzito ubakiao katika karai hutiwa zebaki. Zebaki huzishika chembe za dhahabu, hata zile ambazo jicho halizioni, ikafanya nazo donge jeupe kama fedha. Donge hukamuliwa katika kitambaa, kisha huwekwa juu ya makaa. Moshi hupanda, dhahabu hubaki. Na kazi hii hufanyiwa wapi? Mara nyingi uani, karibu na jiko, na pengine apulizaye makaa ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Ukimwuliza mchomaji, "Zebaki imekwenda wapi?" hukujibu, "Imeungua, imekwisha." Hapo ndipo lilipo kosa, nami sitaki kulipitia kwa upole.

Zebaki haikuungua. Tazama maji katika sufuria. Pwani huchemka kwa digrii 100, na huku kwetu milimani kwa digrii pungufu kidogo. Yakichemka hupanda yakawa mvuke, nawe ukiinua kifuniko waona matone yamerudi kuwa maji. Hakuna mtu mwenye akili asemaye kwamba maji yale yameungua. Zebaki nayo ni hivyo hivyo, ila yataka moto mkali zaidi: huchemka kwa digrii 357. Dhahabu haiyeyuki mpaka digrii 1,064. Kwa hiyo makaa huifukuza zebaki, dhahabu ikabaki kitako. Mvuke ule ukipoa huwa zebaki tena, juu ya bati, juu ya ukuta, katika nguo zilizoanikwa, katika unga usiofunikwa. Na kabla haujapoa umekwisha ingia katika mapafu ya wote waliokaa hapo.

Sababu yake ndiyo hiyo ambayo mzee wetu aiita elimu ya maabara. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katika gramu moja ya zebaki atomi hizo ni 3 ikifuatwa na sifuri 21. Moto wa jikoni waweza kuzitawanya, waweza kuziunganisha na nyingine, lakini hauwezi kuivunja hata moja ya hizo. Mrusi mmoja, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi zilizojulikana katika jedwali mwaka 1869, akaacha nafasi tupu kwa zile alizoamini kuwa zipo ijapokuwa hakuna aliyeziona. Na ilipofika mwaka 1886 tatu katika hizo zilikuwa zimekwisha patikana. Leo jedwali hufuata hesabu ya protoni. Dhahabu ni ya 79, zebaki ni ya 80. Ni majirani wa mlango kwa mlango, wametengwa na protoni moja tu. Walakini mmoja twamvisha bibi arusi kidoleni, na wa pili ni sumu.

Kama mtu haniamini mimi, na aiamini mizani. Mchimbaji huipima dhahabu yake kwa sehemu ya kumi ya gramu, na mnunuzi akipunja hata hiyo moja, patakuwa na ugomvi. Sawa, ni haki yake. Lakini nani amepata kulipima donge kabla ya kulichoma? Afanye hivyo mara moja tu. Tuseme donge lina gramu 10, na baada ya moto dhahabu ni gramu 5. Zile 5 nyingine zi wapi? Hakuzimwaga, hakumpa mtu. Aliuziwa kwa fedha, kisha akazipulizia watoto wake.

Najua jawabu litakalokuja: "Nimechoma miaka kumi, sioni cho chote." Hakika zebaki hudanganya. Mtu aweza kuichezea kiganjani, na ikimezwa, nyingi hupita tumboni ikatoka. Ndiyo maana watu huidharau. Lakini ya mvuke ni habari nyingine: katika kila sehemu 100 zivutwazo, karibu 80 husalia mwilini. Huja polepole. Mikono hutetemeka, usingizi hukimbia, mtu husahau, hukasirika bila sababu, na figo zake huharibika. Watengenezaji wa kofia wa Uingereza katika karne ya 19, waliotumia dawa ya zebaki, walijulikana kwa kutetemeka huko. Kwetu mkono ukitetemeka twasema ni pombe, na hasira tukaiita kurogwa, majirani wakaanza kutazamana vibaya. Na mama mwenye mimba humpitishia mtoto ambaye hajazaliwa.

Wala haikomi uani. Vijito vya Lupa huteremkia bonde la Rukwa. Zebaki ikifika topeni, vijidudu huigeuza kuwa namna mbaya zaidi, nayo huingia katika samaki. Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga sumu ya namna hiyo baharini. Watu walikula samaki, na ugonjwa wao ukatambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, uliotiwa sahihi mwaka 2013, na nchi yetu ikiwamo, umepewa jina la mji huo.

Lawama si ya wachimbaji peke yao. Sisi walimu huwakaririsha watoto elementi 20 za kwanza, toka hidrojeni hata kalisiamu, tukafunga kitabu. Dhahabu ni ya 79! Mtoto wa Chunya hufaulu mtihani pasipo kufika katika kitu kinachomlisha na kitu kinachomwua. Tena hujifunza kwa Kiingereza, hata akitaka kumwonya mama yake hana maneno ya kumwambia. Mwalimu awezaye kupata mizani ndogo na ailete darasani, watoto wapime barafu au kipande cha mshumaa kabla ya kuyeyuka na baada yake. Somo litafika nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa yule asiyeweza kuacha zebaki leo, kiko chombo cha chuma chenye kifuniko kikazacho, na bomba litokalo juu na kuinama chini. Fundi wa kuchomelea aweza kukitengeneza. Donge huwekwa ndani, bomba huvikwa kitambaa chenye maji baridi, na zebaki hudondoka bakulini, ikatumika tena. Ncha ya bomba isizamishwe majini, maana moto ukipungua maji huvutwa ndani ya chuma cha moto, kikapasuka. Kifanyiwe kazi nje, mbali na nyumba, upande upepo uendako pasiwe na mtu. Na sufuria iliyokwisha tumika kwa donge isirudi jikoni, hata ikisuguliwa kwa majivu mara saba.