Stesheni Imekuja: Nani Atakaa Karibu Nayo?

Penye stesheni ardhi hupanda bei. Jambo hili halihitaji mtaalamu kulieleza. Tangu reli ya kisasa ilipofunguliwa mwaka 2017, msafiri atokaye Nairobi kwa treni hiyo hushukia Miritini, ng'ambo ya Makupa, kisha hutafuta matatu ya kumfikisha mjini. Kazi ya kuiunganisha Miritini na stesheni kongwe ya kisiwani imefanywa, na habari za treni ya abiria wa kila siku si ngeni masikioni mwetu. Basi swali linalotukabili sisi wakazi wa Mombasa si la mabehewa peke yake. Tunapaswa kujiuliza ni nani atakaa karibu na stesheni hizo, na kwa haki gani.

Wapangaji wa miji wana rai moja: nyumba zijengwe kwa wingi, tena kwenda juu, mahali ambapo mtu aweza kuifikia treni kwa miguu. Kwa kawaida huchukua mwendo wa dakika 10, yaani kama mita 800. Hebu tupige hesabu. Eneo la mita 800 kila upande wa stesheni ni kama ekari 500. Tukitoa thuluthi moja kwa barabara, shule, misikiti na soko, zabaki kama ekari 330. Tukizikata ploti za futi 50 kwa 100, nane katika kila ekari, na kila ploti ikawa na nyumba moja ya chini, tutapata jamaa kama 2,600. Ploti hizo hizo zikijengwa nyumba za orofa nne, jamaa wawili kila orofa, idadi yapindukia 20,000. Treni ya jamaa 2,600 itakwenda na viti vitupu. Treni ya jamaa 20,000 ina tumaini la kujiendesha.

Wako watakaosema kwamba kuishi kwa kubanana si desturi yetu. Mimi siafiki. Tazama Lamu, mji ulioingizwa na Unesco katika urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, nyingine zina wikio lililopita juu ya kichochoro, na bado mpita njia hamwoni aliye ndani. Daka humpokea mgeni nje, na mlango umepangwa ili jicho lisifike uani. Watu walikuwa wengi na stara ilikuwapo, kwa kuwa waliojenga waliijua stara.

Kinachotuudhi katika nyumba nyingi za orofa za siku hizi si urefu wake. Ni dirisha la jikoni linalotazama chumba cha kulala cha jirani, ni kukosekana kwa ua wa kupikia pilau ya arusi, ni ngazi nyembamba. Nimeona kwa macho yangu jeneza likiteremshwa kwa kuinamishwa, wachukuzi wakihangaika kwenye kona ya ngazi. Kosa hilo ni la ramani, na ramani hurekebishwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Lakini jambo zito zaidi ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilipoanza kutumika pwani, wengi hawakuandikishwa. Hapo ndipo ule utaratibu tunaoujua sote katika Majengo ulipoenea: nyumba yako, ardhi ya mwingine. Mtu alilipa kodi ya uwanja, akajenga nyumba yake ya vyumba sita na ukumbi katikati, akapangisha vyumba vingine, akalea watoto na wajukuu. Mwenye ardhi akitaka kuuza, mwenye nyumba hubaki na mabati na milango.

Sasa fikiri thamani ya uwanja huo ikipanda kwa sababu ya treni. Faida humwendea mwenye hati, na mpangaji wa chumba, ambaye ndiye hasa anayehitaji nauli rahisi, husukumwa mbali zaidi na reli. Stesheni iliyojengwa kwa fedha ya umma itakuwa imewafukuza wale wale iliyokusudiwa kuwabeba.

Tusidhani haya ni ya kuwazia tu. Stesheni ya Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, ilifunguliwa Novemba 2012. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2011, nyumba za watu zilibomolewa eneo hilo hilo kwa hoja kwamba zilijengwa juu ya ardhi ya uwanja wa ndege. Wenyewe walikuwa wamenunua, wamejenga, wamehamia. Ikiwa hayo yalitokea kwa watu walioshika karatasi mkononi, itakuwaje kwa asiye na karatasi?

Wengine hutuonyesha Hong Kong, ambako kampuni ya reli hupewa haki ya kujenga juu ya stesheni zake, na faida ya nyumba hizo hurudi kugharamia reli. Mfano ni mzuri, ila tukumbuke kwamba huko ardhi ni ya serikali, na nyumba ni ghali mno.

Dawa ipo, nasi tunayo sheria mkononi. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo humwezesha mtu kupata hati ya nyumba yake ya orofani pamoja na fungu lake katika mali ya pamoja. Kwa nini basi mwenye ardhi na mwenye nyumba wasiungane, mmoja akatoa uwanja, mwingine akahesabiwa haki ya miaka aliyokaa, na kila mmoja akapata nyumba yenye hati katika jengo jipya? Bila fungu hilo, orofa zitakuwa ni Majengo yale yale yaliyosimamishwa wima.

Hata hivyo kila jambo na mwanzo wake. Kwanza waandikwe wote wakaao hapo, wenye nyumba na wapangaji, kabla bei haijapanda na madalali hawajaingia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Pili, maji na mabomba ya maji taka yatangulie, kwa maana mji unaotegemea maji ya Mzima na Baricho, na bado una mitaa inayonunua maji kwa mkokoteni, hauwezi kuongeza jamaa 20,000 mahali pamoja kwa kuomba dua tu. Tatu, sehemu ya nyumba ziwe za kupangisha kwa kodi ambayo mchukuzi wa bandarini ataimudu.

Tangu 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Anayetoa fedha ana haki ya kuuliza. Ramani za mitaa ya stesheni zitakapobandikwa kwa ajili ya maoni, tusiwaachie wakubwa peke yao. Wazee wa mitaa, akina mama wenye nyumba, maimamu na wapangaji waende wakazisome, na wadai kuona mahali ambapo majina yao yameandikwa.