Kukesha ni Tiba

Msomaji, liko kosa moja lililozoeleka vinywani mwa watu wengi, nami sina budi kulipinga. Husemwa kwamba mtu akiumia kichwa, mwenye kumponya ni daktari mpasuaji peke yake. Muuguzi kazi yake ni kutandika kitanda na kungoja amri. Neno hili si dharau tu. Ni neno lenye kuua.

Utazame mji wa Isiolo. Kwa miaka mingi lami ilikoma hapo, na msafiri wa kaskazini alikwenda polepole juu ya mawe na vumbi. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, kilomita 500 hivi mbele. Barabara hiyo ni neema, lakini imekuja na mwendo wa kasi. Na mwendesha bodaboda aangukaye bila kofia ngumu huipokea lami kwa kichwa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iko Nairobi, kilomita 280 hivi kutoka Isiolo. Je, katika saa zilizo baina ya ajali na kisu cha mpasuaji, ni nani aliyeshika uhai wa mtu huyo? Ni muuguzi.

Sababu yake ni hii. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Ubongo ukivimba hauna pa kutanukia, kwa kuwa fuvu ni sanduku la mfupa. Ndani yake mna ubongo, damu na maji. Kimoja kikizidi, vingine havina budi kupungua. Nafasi ikiisha, shinikizo hupanda, damu mpya hushindwa kuingia, na ubongo huanza kufa.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kichwa huzidi kumwuma mgonjwa, hutapika, husinzia, huchanganyikiwa. Baadaye mboni moja ya jicho hutanuka na kukataa kunywea mbele ya mwanga wa tochi. Mapigo ya moyo huwa ya polepole huku shinikizo la damu likipanda. Hapo mvua imekwisha anza kunyesha. Nao jamaa walio kando ya kitanda husema, “Mwacheni alale, amechoka.” Usingizi si adui; adui ni usingizi usioamshika. Awezaye kuupambanua ni yule aliyemwamsha mgonjwa saa moja iliyopita, akaliandika jibu lake.

Kipimo cha kazi hiyo kilitungwa Glasgow mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett: macho alama 4, usemi alama 5, viungo alama 6, jumla 15, na chini kabisa 3. Alama zikishuka, daktari huitwa mara moja. Kipimo hiki hakitaki mtambo wa thamani; chataka mtu, saa, tochi na karatasi. Mtu huyo huyo huinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 na kuiweka shingo sawa ili damu ya kichwani ipate kuteremka. Huilinda njia ya hewa. Humgeuza mgonjwa mwili mzima kwa pamoja kama gogo, asije akaizidishia madhara shingo iliyoumia. Je, hii si tiba?

Atasema mpinzani, “Muuguzi hawezi kufungua fuvu.” Kweli. Lakini mpasuaji naye hawezi kumfufua aliyefika maiti. Tena atasema, “Nunueni mitambo kwanza.” Mitambo na inunuliwe, lakini mtambo hupiga picha ya dakika moja, na ubongo waweza kuvimba usiku kucha. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima, hana macho ya kuwatosha wote. Na kila saa asiyopita kitandani ni mlango ulioachwa wazi kwa mauti. Kuzinyima wodi wauguzi, kisha kulia matangani, ni unafiki.

Wewe usomaye haya, kesho utakuwa mzazi na mpiga kura, pengine mwakilishi wa wadi. Mwanao akisema ataka kuwa muuguzi, usimwambie atafute kazi kubwa zaidi. Bajeti ya kaunti ikijadiliwa, uliza: usiku huu wanakesha wauguzi wangapi, na kila mmoja ana wagonjwa wangapi? Na leo, kabla hujapanda pikipiki, vaa kofia ngumu, ukaifunge na kamba yake.