Magurudumu ya mbele yanavuta kweli?

Njia ya Kalima–Kindu munaijua wakati wa mvua. Siku moja tulikuwa tunapeleka Kindu mama mwenye mimba. Tukanasa katika potopoto. Shofa akaingiza 4x4, taa yake ikawaka, lakini magurudumu ya mbele yalilala tu. Mtoto alizaliwa pale njiani, chini ya bashi. Mungu alisaidia.

Taa ile inajua leviye tu, haijui magurudumu. Katika Land Cruiser za zamani, zenye loki za kufunga kwa mkono, loki moja ikikufa nguvu yote ya mbele inapotelea upande ule. Hata loki nzima haivute kitu.

Vijana, mupime hivi, penye udongo tambarare. Funga loki mbili, ingiza 4x4, tembeza gari kidogo, zima moto. Weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma. Inua gurudumu moja la mbele kwa kriki (mtu asiingie chini!), ulizungushe kwa mkono. Likikataa, ni vizuri. Likizunguka, kuna kilichokatika, mara nyingi loki, ya huku ao ya kule. Mimi ninapima mwezi wa nane, mbele ya mvua.